Re: Uchoraji wa sura za watu unalipa?

Umeuliza kama mchoraji wa sura za watu kwa mtindo wa kale anaweza kuishi kwa kazi hiyo zama hizi za kamera. Mwangalie Nelson Shanks, mchoraji Mmarekani aliyefariki 2015. Alisoma kwa mchoraji Pietro Annigoni kule Florence, Italia, kisha akawachora Princess Diana, Papa Yohane Paulo II na Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani. Kwenye picha ya Clinton alipenyeza kivuli cha gauni kuashiria kashfa ya uhusiano wa rais huyo na Monica Lewinsky, mfanyakazi kijana wa Ikulu, na siri hiyo akaitoa mwenyewe miaka kadhaa baadaye. Usijaribu kwa mteja wako wa kwanza, ndugu yangu!

Kufundisha hakukuacha. Mwaka 2002 yeye na mkewe walianzisha shule ya uchoraji iitwayo Studio Incamminati, Philadelphia, ambako mwanafunzi humchora mtu aliyekaa mbele yake.