Mate ya mpiga mbizi yanategemea saa

Swali: Shikamoo daktari. Nasomea maabara hapa Mbeya. Kwa ajili ya utafiti wangu nimepima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya vijana wanaopiga mbizi Ziwa Nyasa, upande wa Matema. Mate ya kwanza niliyachukua saa moja asubuhi, walipoamka tu. Ya pili saa sita mchana, walipotoka majini. Ya mchana yalikuwa na kotisoli kidogo zaidi. Naweza kuandika kwamba kupiga mbizi kunapunguza msongo?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiandike hivyo. Hapo umepima saa, hujapima mbizi. Kotisoli hupanda mtu anapoamka, hufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 45, kisha hushuka taratibu mpaka usiku. Karani aliyeshinda ofisini Uyole angekupa majibu hayohayo bila kulowa hata unyayo.

Kwa hiyo rudi kwa vijana walewale siku wasiyozama, uchukue mate saa zilezile. Hiyo ndiyo siku ya kulinganishia. Usitegemee mate ya dakika chache kabla ya kuzama, maana wengine huwa wameshaanza kuhangaika wakiwa bado wanavaa mitungi ya hewa.

Halafu kuna kuchelewa. Kotisoli hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, huingia kwenye damu, na ile isiyoshikwa na protini ndiyo inayopenya hadi kwenye mate. Safari hiyo humaliza dakika 20 hadi 30 kabla kiwango hakijafika juu. Aliyeshtuka dakika tano kabla ya kuibuka, mate ya pale ufukweni hayatakuambia kitu. Chukua tena baada ya nusu saa. Ukitaka mshtuko wa papo hapo, pima alfa-amilesi, kimeng'enya kinachopanda ndani ya dakika chache na kushuka mapema. Ila hicho hubadilika na wingi wa mate, na hewa ya mtungi ni kavu, hukausha kinywa. Andika mate yametoka kiasi gani kwa dakika ngapi.

Mpiga mbizi asukutue, asubiri dakika kumi, ndipo adondoshe mate kwenye kichupa kwa mrija. Chai ya Tukuyu ingoje. Fizi zikitoka damu, sampuli hiyo itupe, kwa sababu damu ina kotisoli nyingi kuliko mate.

Wazamiaji wa bahari kuu wanaoishi wiki kadhaa ndani ya chemba yenye mgandamizo ni habari nyingine: wanafanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, hivyo kwao hesabu huanzia saa waliyoamka, si saa ya ukutani.

Sampuli ziweke kwenye barafu, zikifika Mbeya ziingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini usiwape vijana lifti siku hiyohiyo. Matema haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya ni kama 1,700. Aliyetoka kuzama akipandishwa mlima huo haraka, naitrojeni, gesi ya hewa aliyovuta, iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu ya hatari. Walale Matema.