Mwalimu wangu wa yoga anaenda pole pole mno, naibiwa?

SWALI: Habari mwalimu, nimeanza yoga juzi juzi ila darasa letu ni pumziii tu, mikao michache, na nikikosea hata hanisukumi. Rafiki yangu kwao wanatoka jasho balaa. Nihame?

JIBU: Huibiwi ndugu yangu. Krishnamacharya, mwalimu wa yoga wa zamani kule Mysore, India, aliwafundisha Pattabhi Jois na Iyengar, Jois akashika ashtanga, ile ya mikao mfululizo mpaka shati linaloa, Iyengar akakazania kuupanga mwili vizuri na akatumia mikanda na vipande vya mbao vya kuegemea ili hata mwenye mwili mgumu aweze. Mwalimu mmoja hao, njia mbali mbali kabisa! Mi mwenyewe nafundisha taratibu na simgusi mtu bila kumuuliza, maana mgongo ni wake, yeye ndo anausikia, mi naona kwa nje tu. Pumzi ikianza kukatika ujue umezidisha, legeza. Ila muulize kwa nini anaanza na pumzi, akikosa jibu la maana hapo ndo uhame (jasho peke yake sio kipimo). Na goti likichoma, toka kwenye mkao hapo hapo, usisubiri ruhusa ya mtu.