Kabla Hujampa Mtu wa Saiba Nenosiri Lako, Pitia Maktaba

Kwa miaka sita nilikaa nyuma ya kaunta ya saiba moja, duka la kulipia kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu. Chini ya kaunta hiyo palikuwa na daftari jeusi la kurasa mia mbili, limejaa manenosiri ya watu. Upande wa kushoto niliandika jina na nambari ya kitambulisho, upande wa kulia nenosiri. Mengi yalifanana, kwa sababu niliyatunga mimi: jina la kwanza la mteja, mwaka, kisha alama ya mshangao. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu akishika kibodi kwa mara ya kwanza anatafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Mimi nilimaliza kwa dakika tano. Asiyekuwa na barua pepe nilimsajili kwa barua pepe ya duka, akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Mwaka 2019 duka likafungwa. Mashine ziliuzwa, laini ya simu ya duka ikazimwa, na ile barua pepe haikufunguka tena.

Miaka mitatu baadaye kijana mmoja alinisimamisha stendi ya matatu. "Kaka, si wewe ndiye ulikuwa wa ile saiba?" Nilikuwa nimemtolea PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, alipokuwa akiomba mkopo wa masomo wa HELB. Hakuwahi kuambiwa kwamba ukishakuwa na PIN unawasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama huna kipato. Sasa alikuwa amepata kazi, mwajiri anataka cheti cha kutodaiwa kodi, na mfumo unamdai faini ya shilingi 2,000 kwa kila mwaka alioukosa. Akijaribu kubadilisha nenosiri, ujumbe unakwenda kwenye barua pepe ya duka ambalo halipo. Tulikwenda naye ofisini kubadilisha anwani, tukapanga foleni tangu asubuhi. Nilikuwa nimesahau jina lake. Yeye alikuwa ananikumbuka vizuri sana.

Tangu siku hiyo Jumamosi zangu nyingi nazitumia maktaba ya umma, nikikaa karibu na mtu mwenye fomu mbele yake. Ninayoyaandika hapa nimeyaokota huko.

Kwanza, tuache kudhani kwamba shida ya mtandao kwetu ni waya tu. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na baada ya hapo tuliona mitaro ikichimbwa kando ya barabara hadi huku kwetu. Hata hivyo sensa ya mwaka 2019 ilikuta ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi wanaotumia intaneti, na wanaotumia kompyuta ni asilimia 10.4. Miaka minne baadaye, 2023, serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma. Zipange namba hizo pamoja uone pengo lilivyo. Dirisha la ofisini limefungwa, mlango umehamia mtandaoni, na jirani yangu wa Nyalenda ana simu ya mulika mwizi.

Saiba inaziba pengo hilo kwa pesa, na siwalaumu vijana wanaofanya kazi hiyo, nimeishi maisha hayo. Saiba inapata faida ukirudi. Maktaba haipotezi kitu ukijifunza na usirudi. Tofauti yote iko hapo, na ndiyo maana namshauri kila mtu aanzie maktaba kwa jambo lolote linalobeba jina lake: PIN, eCitizen, HELB, maombi ya kazi. Kuchapisha kurasa mbili za haraka, nenda saiba.

Ukija, njoo na kitambulisho chako halisi, simu yako mwenyewe ikiwa na chaji na laini inayopokea ujumbe, na daftari dogo la kubaki nalo nyumbani. Simu ya vitufe inatosha, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha unakuja kwa SMS ya kawaida. Usije na laini ya mwanao anayefanya kazi Nairobi. Utampigia, atakuwa kazini, na msimbo utakwisha muda. Njoo siku ya kazi asubuhi. Wiki ya mwisho ya Juni usije kabisa kama unaweza kuepuka, maana ritani zinawaleta hata watu ambao hawajaingia maktaba tangu wamalize shule.

Kitu cha kwanza kufungua ni barua pepe yako. Watu wananiambia, "Nataka PIN, barua pepe ya nini?" Barua pepe ndiyo funguo ya akiba. Siku nenosiri likipotea, kila mlango utakuuliza anwani hiyo, na ikiwa ni ya mtu mwingine basi nyumba ni yake. Itumieni saa nzima ya kwanza hapo, hata kama siku hiyo hamtafika kwenye PIN.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Fungua mahali mafaili yanaposhukia kwenye kompyuta yoyote ya umma, ya saiba au ya maktaba, utazame. Siku moja niliikuta mashine ina picha za vitambulisho vya watu kumi na mmoja, pande zote mbili, vyeti viwili vya kifo, na barua ya hospitali yenye jina na ugonjwa wa mtu. Yeyote aliyekaa kiti kile angeweza kuzichukua kwa flashi na kuondoka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haitakufutia faili. Ukimaliza, futa ulichoshusha, kisha futa tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ondoka kwenye akaunti, fungua ukurasa upya uone kama inakutaka uingie tena. Ikikuingiza moja kwa moja, hujatoka.

Nimwelezee dani mmoja, yaani bibi kwa Dholuo, muuza omena soko la Kibuye. Ni mweka hazina wa chama chao, na benki iliwataka viongozi wote wawe na PIN. Alikuja na mjukuu wake wa darasa la saba, na mjukuu ndiye aliyekaa kwenye kiti. Mkutubi wetu alimwomba kijana kwa upole ahame. "Dani, keti wewe." Akaketi akiuvuta mkoba mapajani kana kwamba yuko ndani ya matatu. Mausi ilimshinda kwa karibu nusu saa. Aliinyanyua hewani kila kishale kilipofika ukingoni mwa kioo. Mkutubi hakuishika ile mausi hata mara moja. Alikuwa akionyesha kioo kwa kalamu tu, mkono wake mwingine ameukunja. Siku hiyo hatukupata PIN, tulipata barua pepe. Alirudi Alhamisi, na alipofika pa kuandika nenosiri alisita, akaifunika kibodi kwa kiganja cha kushoto, akanitazama.

"Nyathina," yaani mwanangu, "hebu angalia kule kidogo."

Nikageuka nikatazama rafu za magazeti. Herufi zake zilichukua muda mrefu kuisha.

Wakutubi wenzangu wa hiari na wale walioajiriwa, mbinu ya kalamu ndiyo ninayowasihi kuliko zote. Mkono wako ukigusa kibodi, umerudi kuwa saiba. Nyingine ni hii: fomu nyingi za serikali ziko kwa Kiingereza, na maneno yanayomkwamisha mtu ni yale yale, hayafiki ishirini. Sisi tumeyaandika kwa kalamu nene kwenye kartoni ukutani, kando yake Kiswahili na Dholuo. Hakuna kompyuta iliyotusaidia kama kartoni ile.

Kuhusu kasi, usikubali kuambiwa "intaneti ipo". Uliza ni megabiti ngapi kwa sekunde na mashine ngapi zinagawana. Laini ya megabiti 10 ikigawanywa kwa mashine 20 zinazofanya kazi pamoja, kila moja inabaki na nusu megabiti, na hapo bado hujahesabu simu zilizounganishwa kwa Wi-Fi. Ukurasa wa maombi utafunguka, lakini kupandisha cheti kilichoskaniwa kutakatika katikati. Tulihangaika miezi tukilaumu kampuni ya mtandao, kumbe kompyuta zetu zenyewe zilikuwa zinashusha masasisho yao mchana. Tuliyahamishia usiku, laini ikapumua. Ruta tuliiwekea betri ndogo, kwa sababu stima ikipotea dakika mbili tu, mtu aliyekuwa ukurasa wa tisa anarudi wa kwanza. Na kwa watoto wa shule tumeweka Wikipedia ya Kiswahili na masomo kwenye kompyuta moja, kwa programu za Kiwix na Kolibri. Zinafanya kazi bila intaneti kabisa. Simu au tableti inajiunga na Wi-Fi ya humo ndani, na laini inaachiwa wenye fomu.

Nakuru mwaka 2014 kaunti ilizindua Wi-Fi ya bure mjini, ikaitwa Bilawaya. Jina zuri kweli, na wazo zuri. Ila Wi-Fi ya barabarani inamfaa aliye na simu janja tayari na anayejua anachokitafuta. Dani wa Kibuye angesimama chini ya mnara ule hadi jua litue. Anahitaji kiti, kioo kikubwa, na mtu aliyekunja mikono karibu yake.

Sasa pesa. Maktaba za kaunti ziko kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika orodha moja na leseni za pombe, kamari na sinema. Maana yake mwakilishi wadi wako anaweza kuulizwa kuhusu maktaba kama anavyoulizwa kuhusu barabara. Mwaka wa kwanza tulikwenda kikao cha maoni ya umma mwezi Juni, tumevaa vizuri, tumejiandaa kusema. Bajeti ilikuwa imeshakaa. Tulisikilizwa kwa heshima na hakuna kilichoandikwa.

Kwa hiyo shika tarehe. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha ni tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloingia Septemba, Aprili linaomba huruma. Peleka maoni Agosti, kwa maandishi, ukurasa mmoja, na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usiandike "tunaomba kompyuta". Kompyuta ni rahisi kupata, wafadhili wanazipenda kwa sababu zinapigwa picha. Bili ya intaneti ya kila mwezi haipigwi picha na hakuna anayetaka kuizindua, lakini ndiyo inayokatika. Andika megabiti, miezi kumi na miwili, saa za kufungua, na mshahara wa mtu mmoja wa kukaa na watu.

Na msisahau kwamba kitaifa upo Mfuko wa Huduma kwa Wote, wa kufikisha mawasiliano penye uhaba, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 2009 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao kampuni zenye leseni zinauchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Marekani wana mpango kama huo, E-Rate, uliotokana na sheria yao ya mawasiliano ya 1996: shule na maktaba zinapata punguzo la bili kuanzia asilimia 20 hadi 90, na penye umaskini zaidi punguzo ni kubwa zaidi. Maktaba ya hapa haihitaji kuombaomba kana kwamba mfuko haupo. Sisi wenyewe tunapoweka bando, kidogo cha pesa hizo kimo mle.

Barua yetu ya mara ya pili iliomba mambo manne. Tulipata mawili: laini iliongezwa, na Jumamosi mlango unafunguliwa siku nzima. Mtu wa kukaa na watu bado ni sisi wa kujitolea, na Wi-Fi bado inazimwa jioni mlango unapofungwa, wakati wanafunzi wa Manyatta wangeweza kukaa kibarazani nje wakasoma. Hayo mawili yanarudi kwenye barua ya Agosti hii. Tunaiandika Jumamosi saa nne asubuhi, meza ya mwisho karibu na magazeti. Dani wa Kibuye amesema atakuja kutia sahihi, na ameomba barua isomwe kwa Dholuo kwanza.