Baridi ya Manyovu na dari yangu ya viroba

Nimezaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu usiku ni shuka moja na dirisha wazi. Kwa hiyo nilipohamia kikazi Manyovu, kwenye vilima vya Buhigwe mkoani Kigoma, sikujua kukagua chumba cha kupanga. Nilikwenda mchana wa Juni, jua linawaka, nikauliza luku ni ya peke yangu au ya kuchangia, nikaangalia choo, nikalipa kodi ya miezi sita. Juu sikutazama.

Juu kulikuwa na bati tupu. Kati ya ukuta na bati mkono ulipita bila shida, chumba kizima. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Buhigwe vinapita mita 1,500. Tofauti hiyo utaijua saa kumi alfajiri. Kiangazi anga haina wingu, bati linapoa kuliko hata hewa ya nje, na pumzi zako mwenyewe zinaganda juu yake kuwa matone. Siku ya kwanza nilidhani mvua imenyesha. Nilikuwa nadondokewa na pumzi zangu.

Mwenzangu kazini akanishauri hita ya umeme. Nikapiga hesabu. Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Sisi wa matumizi madogo, tusiovuka uniti 75 kwa mwezi, tungezimaliza kwa saa 37 na nusu. Ukilala nayo saa saba kila usiku, hufiki wiki. Na joto lenyewe linatokea kwenye ule mwanya.

Basi nikaingiza jiko la mkaa. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mkaa ulishakolea, hauna moshi hata kidogo, nikajiona mjanja nikafunga mlango. Niliamka kichwa kinagonga, miguu haina nguvu, nikatambaa hadi mlangoni nikatapika kibarazani. Mama wa chumba cha pili alinikuta pale, akaniambia, "Mwalimu, jiko halilali na mtu." Ile hewa ya mkaa, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaishika damu kuliko oksijeni inavyoishika. Kutokuwepo moshi si usalama. Na ukishaziba chumba kama nitakavyoeleza, jiko ndani ni hatari zaidi.

Kilichoniokoa ni viroba. Nilinunua viroba 14 vya mahindi vilivyotumika, nikavifua, nikavipasua ubavuni, fundi cherehani akaviunga kuwa kitambaa kimoja. Tukakivuta chini ya kenchi na kukibana kwa vipande vya mbao na misumari. Mwanya nikauziba kwa mifuko ya saruji iliyokunjwa, ila matundu mawili juu ya dirisha nimeyaacha, maana mtu lazima apumue. Matone yaliisha usiku uleule. Kasoro yake: viroba vinashika moto haraka, kwa hiyo umeme ukikatika natumia tochi, mshumaa hapana.

Mlangoni kuna mguu wa suruali kuukuu niliojaza maranda ya mbao na kuufunga ncha zote mbili. Nausukumia kizingitini kila jioni. Wageni wanaucheka.

Godoro nalo lilikuwa sakafuni, na saruji inanyonya joto. Nikatandika maboksi, kisha mkeka, kisha godoro. Halafu blanketi moja nikalilalia badala ya kujifunika. Jaribu kabla hujabisha.

Kwa miguu ninalo dumu la lita tano lililokuwa la mawese. Nikishapika, natia maji ya moto yasiyochemka, nafunga kifuniko hadi mwisho, nalizungushia kanga, nalitanguliza kitandani nusu saa. Chupa nyepesi za maji ya dukani usithubutu, zinajikunja. Wiki ya kwanza mashuka yalinukia mawese, lakini nililala.

Kabla hujagonga msumari, ongea na mwenye nyumba. Mimi nilimwomba gharama ikatwe kwenye kodi. Akakataa, ila akaandika kwenye karatasi kwamba nikihama dari ni yangu. Mwezi uliopita alikuja kusoma mita, akasimama katikati ya chumba akitazama juu muda mrefu. Akaniuliza kama naweza kumwelekeza fundi cherehani.