Papai bichi kwenye mishikaki: niliyojifunza kwa kuharibu nyama

Mashemeji walikuwa wanakuja. Nikazipaka kilo tatu za nyama papai bichi la kukuna, nikazilaza kwenye friji hadi asubuhi. Nilipoanza kutunga, nyama ikawa inabomoka kijitini kama kiazi kilichopitiliza. Ikageuzwa kababu. Safari iliyofuata, kwa woga, nikalichemsha papai kwanza: nyama ikatoka kandambili.

Papai ni lile lile. Kilichobadilika ni umbo la papaini, kimeng'enya (protini inayokata protini nyingine, kama za nyama) cha ule utomvu mweupe. Papaini ni uzi wa asidi amino 212, yaani vijenzi vya protini, uliojikunja ukafanya pande mbili, katikati bonde. Umbo hilo lilifichuliwa mwaka 1968 na mwanasayansi Jan Drenth na wenzake huko Groningen, Uholanzi. Bondeni ndimo protini inamokatwa, na wakataji ni asidi amino mbili: sisteini, ya 25 kwenye uzi, na histidini, ya 159. Angalia namba hizo. Kwenye uzi ulionyooka hawa hawajuani kabisa, mkunjo ndio unaowakalisha pamoja. Ukichemsha sana uzi unafumuka, wanaachana. Vyote vimo sufuriani, kazi hakuna.

Lakini usidhani moto kidogo unaizima. Vifungo vitatu vya salfa vimeushona uzi huo, na kwenye nyuzi joto 65 hivi papaini ndiyo kwanza inachapa kazi. Kwa hiyo nyama yako inaendelea kukatwa hata ikiwa imeshaanza kupata moto jikoni. Vipande vya mishikaki mimi navipa nusu saa tu, kisha moto mkali. Bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinachokata protini vilevile, haihimili joto kiasi hicho: nanasi bichi huzuia jeli kuganda, la kopo, lililokwisha pikwa, halizuii.

Chagua papai bichi hasa, maana likiiva utomvu hupungua. Likune ukiwa tayari kupaka, kwa sababu hewa huishambulia salfa ya ile sisteini ya 25, na papai lililokaa kwenye bakuli tangu asubuhi linapoteza makali.

Na ndimu? Usiikamulie juu ya papai. Asidi kali nayo huufumua uzi. Mimi huikamua mishikaki ikishaepuliwa, pamoja na pilipili.