Unaanza uyoga wa batani? Pika mboji kwanza, mbegu utanunua baadaye

Jamani mnaoanza hii kazi, swali mnaloniuliza karibu wote ni lilelile, mbegu napata wapi na kilo ya uyoga inauzwaje mjini. Hakuna anayeniuliza kuhusu majani ya mpunga, yale ya kupikia mboji ambayo uyoga wenyewe unaota juu yake. Na mi nawaambia hela yako yote inakaa kwenye mboji, mbegu ni kitu cha kununua mwishoni, tena kama una nafasi tengeneza rundo la kwanza bila hata kuagiza mbegu, likikukataa unalimwaga kwenye mahindi na hujapoteza kitu zaidi ya jasho.

Tuelewane kwanza, naongelea batani, ule mweupe wa duara wa supamaketi, sio mamama, yaani oyster. Mamama hauna makuu, mabua yaliyochemshwa kwenye pipa, mfuko wa nailoni, mbegu, basi, na joto la 25 unauvumilia vizuri tu. Batani inataka digrii 16 hadi 18 wakati wa kuzaa, kwa hiyo kama upo Dar au Morogoro mjini baki na mamama, usishindane na hali ya hewa kwa bili ya umeme. Huku Iringa, Mafinga, Njombe, Lushoto ya juu, baridi ya bure ipo hasa mwezi wa 6 na wa 7. Hesabu kurudi nyuma: wiki kama 4 za mboji, 2 za nyuzi za mbegu kutambaa ndani ya mboji, karibu 3 baada ya kufunika na udongo, yaani anayetaka kuvuna mwezi wa 6 rundo lake lianze mwezi wa 4 na awe na turubai maana mvua bado zipo.

Majani sasa. Ya ngano ndo mazuri kuliko yote kwa sababu ni magumu, yanaacha hewa ipite. Sisi wengi tunayo ya mpunga ya Pawaga na Mbarali, hayana shida ila ni laini, yakishalowa yanalala na kushikana na ndani hewa inakata, so usiyakatekate sana na changanya na mabua ya mahindi yaliyopondwa kidogo. Kwa kilo 300 za majani makavu weka samadi ya kuku kavu kilo 100 hadi 120, pumba kama kilo 20, urea kilo 4 hivi, na jasi isipungue kilo 10. Jasi ndo ile inayochimbwa Makanya kule Same na Itigi, sio chokaa, naomba mnielewe hapa, chokaa ukiitia humo inafukuza naitrojeni inapanda hewani kama amonia, ile gesi kali inayowasha pua, jasi yenyewe inazuia mboji isigeuke utelezi. Wauzaji wengine wanakuchanganyia makusudi, kila unga mweupe kwao ni uleule.

Lowesha majani siku 2 au 3 kwenye sakafu ya simenti, na ule mchuzi unaotiririka usiuache upotee, urudishie juu. Halafu panga rundo upana mita moja na nusu, kimo vivyo hivyo, urefu wowote. Ukitengeneza kirundo cha magoti halitachemka hata uliombee. Rundo zuri likishachanganya linafika digrii 70 mpaka 80 katikati, unaona mvuke asubuhi, na kila siku 3 hivi unaligeuza, ya nje yaende ndani na ya ndani yatoke nje. Hii ndo kazi inayokimbiza watu, kugeuza majani ya moto yenye harufu ya banda la kuku lililofungwa, macho yanawasha, majirani wananuna. Jasi weka mgeuzo wa tatu hivi.

Kuna njia mbili za kumaliza na hapa nataka mtulie kidogo. Ya kwanza ni ndefu, siku 28 za kugeuza tu mpaka amonia iishe yenyewe nje, haihitaji mvuke, ila mazao ni kidogo na wadudu ni wengi. Ya pili, ukigeuza kama wiki 2 unaingiza mboji kwenye chumba cha tofali kilichozibwa vizuri, unapeleka mvuke kwa bomba toka kwenye pipa, unashikilia digrii 58 hadi 60 kwa masaa 6 au 8, kisha unashusha mpaka 48 hivi na kuikalisha hapo siku 4 au 5 huku hewa safi inaingia. Mgeni akisikia mvuke anadhani tunaua kila kitu, anachochea kuni mpaka 85 akiamini ndo usafi, afu wiki 2 baadaye mboji yote imekuwa kijani. Kwa mamama kuchemsha ni sawa, kwa batani hapana. Kwenye mboji kuna vijidudu vinavyopenda joto ambavyo ndo vinakula amonia na kuigeuza chakula ambacho batani inaweza kula na ukungu wa kijani unashindwa kukitumia haraka, ukiviua umemwandalia adui meza. Ile 58 inaua mayai ya nzi na minyoo, ile 48 ndo inalisha hao wapishi wako. Kwa hiyo themomita nunua kabla ya mbegu, na ichomeke ndani ya mboji, ya ukutani haikuambii kitu.

Utajuaje imeiva? Rangi kahawia iliyokolea, ina madoadoa meupe kama majivu, ukiivuta majani yanakatika kwa upinzani kidogo, ukikamua kiganjani maji yanatokeza katikati ya vidole ila hayatiririki. Halafu kipimo changu ninachokiamini kuliko vyote, chukua kilo moja funga kwenye mfuko wa nailoni mpaka kesho, fungua na unuse. Ukisikia amonia hata kwa mbali usipande, subiri, geuza tena. Ukilazimisha mbegu zinakufa, na vile viuyoga vyembamba vinavyoyeyuka kuwa wino mweusi ndo vitaota badala yake, hiyo ni mboji inakwambia amonia ilibaki. Na chochote kilichojiotea humo ambacho hukupanda usipeleke jikoni, hata kama bibi kijijini anasema anakijua.

Mbegu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa kilo 100 za mboji, mboji ikiwa imepoa chini ya 25. Itajipasha yenyewe tena, ikivuka 30 ndani fungua hewa haraka. Baada ya wiki 2 nyuzi nyeupe zimetapakaa, unafunika na udongo sentimita 4. Huu udongo usiwe na rutuba, watu wanaweka mbolea wakidhani wanasaidia, tunatafuta kitu kinachoshika maji tu, udongo wa msituni na samadi iliyooza mpaka imechoka, na hapa ndo chokaa inaruhusiwa. Upashe mvuke digrii 60 masaa machache, mwagilia kidogokidogo kwa bomba la mgongoni, ambalo halijawahi kubeba dawa ya kuua magugu wala ukungu. Bila hilo tabaka batani haizai, nyuzi zitakaa nyeupe milele.

Vikianza kuchomoza vichwa fungua madirisha yenye wavu, shina ndefu na kofia ndogo maana yake hewa imekosekana. Kuvuna zungusha using'oe. Soko linataka uaminifu tu, hoteli ikishakuzoea kila Alhamisi usiikose, na batani haikai, siku mbili bila friji imeshakuwa kahawia.

Uyoga ukiisha kuzaa, mara ya tatu au ya nne, usitoe mboji hivihivi ukamwaga mlangoni, nzi na ukungu watarudi ndani. Pasha chumba mvuke mpaka 70 usiku mzima ndo utoe, ilundike mbali inyeshewe miezi kadhaa chumvi ipungue, kabichi zitaipenda.