Kung'aa si ushahidi: majibu kwa waokota mawe

Mwalimu, nimekuta jiwe la chokaa kwenye mpasuko wa ardhi, pale miamba ya pande mbili iliposuguana, linang'aa hadi nauona uso wangu. Nimekutumia picha. Je, hapa palipita tetemeko la ardhi?

Barua za namna hii zimenijaa, na kila moja ina picha ya simu iliyopigwa jua likimulika jiwe. Picha hiyo inaniambia jambo moja tu: mabonde na vilima vya uso huo ni vidogo kuliko wimbi la mwanga, yaani nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nani aliusugua na kwa kasi gani, haisemi.

Najua ulikotoka uvumi huu kwamba jiwe linalong'aa ni alama ya tetemeko. Mwaka 2013 watafiti walisugua dolomaiti, madini ya jamii ya chokaa yenye magnesiamu, maabara kwa kasi ya tetemeko, wakapata kioo, yaani uso unaong'aa, kinachofanana na kile cha mpasuko wa Foiana, kwenye milima ya Alps ya Italia. Watu wakashangilia: kioo ni saini ya tetemeko! Haukupita muda, wengine wakapata kioo kwa unga wa kalisaiti, madini makuu ya jiwe la chokaa, uliosogezwa maikromita 1 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo mita moja inakula siku 11 na nusu, wakati tetemeko kubwa huimaliza kwa sekunde moja au mbili. Kumbe kinyonga naye hung'arisha. Wale wa kushangilia walisoma makala ya kwanza wakaishia hapo, na mpaka leo naletewa ripoti zinazohesabu matetemeko ya kale kwa kuhesabu nyuso zinazong'aa. Msijenge juu ya ripoti hizo.

Jiwe lilikuwa na vumbi, nikalisafisha kwa siki. Sasa limefifia. Nifanyeje?

Tafuta jiwe jingine. Ngozi inayong'aa ni tabaka la chembe za makumi hadi mamia ya nanomita, na mara nyingi tabaka lenyewe halifiki hata maikromita moja. Siki hula kabonati, yaani madini ya jamii ya kalisaiti na dolomaiti. Umekinywesha kioo asidi kisha unauliza kiko wapi. Nimeliandika hili mara ngapi? Vumbi huondolewa kwa kulipuliza hewa.

Hadubini ya shule inatosha?

Kwa kuanzia inatosha. Kwa kuziona chembe zenyewe haitoshi, maana hadubini ya mwanga hugota kwenye nanomita 200 hivi. Hapo ni kazi ya hadubini ya elektroni.

Nikate jiwe upande gani?

Hatimaye swali la mtu anayefanya kazi. Kabla hujaling'oa, lichore mshale: juu ni wapi, kaskazini ni wapi. Jiwe lisilo na mshale ni pambo la mezani. Kisha mwagia epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, juu ya uso unaong'aa, iache igande, ndipo ulete msumeno. Ukiruka hatua hiyo msumeno utamega ukingo, na habari yote iko ukingoni. Kata kwa pembe mraba na uso unaong'aa, kuingia ndani ya jiwe, ukifuata michirizi iliyoachwa na msuguano, usiikate kwa kuipita.

Kipande kikishasagwa hadi unene wa maikromita 30, kiweke kwenye hadubini na utulie. Mara nyingi, chini kidogo ya ngozi, utakuta punje kubwa za kalisaiti zilizokatwa kama kwa wembe: nusu ya chini ipo, nusu ya juu haipo. Hapo ndipo mimi husogeza kiti karibu, kwa sababu punje hiyo inasema mwendo ulibanwa kwenye bapa jembamba mno badala ya kusambaa ndani ya unga. Hilo kamera ya simu hailioni.

Kalisaiti na dolomaiti nitazitofautishaje?

Paka alizarini, rangi ya maabara, kwenye kipande kilichosagwa, wala si kwenye uso unaong'aa. Kalisaiti huwa nyekundu, dolomaiti hugoma.

Kwenye hadubini ya elektroni zinazopenya nimeona kalsiamu oksidi. Huu si ushahidi wa joto kali?

Pole pole. Ni kweli kwamba joto la msuguano huvunja kalisaiti ikatoa kabonidioksidi na kuacha oksidi hiyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 kwa marumaru ya Carrara, kwa kasi iliyofika mita 1.3 kwa sekunde, yalionyesha kizigeu cha msuguano, yaani kipimo cha jinsi nyuso zinavyokinzana zikisuguana, kikiporomoka hadi 0.06, wakati miamba mingi hukaa kwenye 0.6 na zaidi. Lakini jiulize: oksidi hiyo ilikaaje miaka yote ardhini bila kunywa maji? Ikikutana na unyevu hugeuka hidroksidi, kisha hurudia kuwa kabonati.

Na mshukiwa mwingine unaye chumbani: mwale wa elektroni wenyewe huvunja kalisaiti ikawa oksidi huku ukitazama. Punguza mwale, hamia sehemu ambayo haijamulikwa, piga picha ya kwanza upesi, kisha nyingine baada ya dakika chache. Ukiona oksidi inaongezeka kati ya picha hizo mbili, aliyeipika ni wewe.